Maji ya Kidato cha Sita

Ngazi za zamani za ufukwe wetu zilikuwa na vidato kumi na viwili. Nilivifagia kwa miaka thelathini na mmoja, nikiwa mtunza vyumba vya kubadilishia nguo, kwa hiyo mtu asije akanibishia. Vilikuwa vya mawe yaliyochongwa kwa mkono, virefu, vya kumfanya mtu ashike goti akipanda, na kila kimoja kilikuwa na sura yake. Cha tatu kilikuwa na ufa. Cha sita kilikuwa kimelika katikati kama kipande cha sabuni kilichotumika sana. Cha nane kilikuwa na mwani ambao hata brashi ya chuma haikuuweza. Siku hizo hakuna aliyeuliza saa ufukweni. Watu waliulizana, "Maji yako kidato cha ngapi?" na jibu lilitosha. Kidato cha kwanza, bahari imejaa, watoto wasishuke. Kidato cha kumi na moja, unaweza kutembea hadi kwenye mwamba na kurudi, na ndara zako zikabaki kavu.

Leo watu wanaangalia simu. Mtu amesimama mbele ya bahari, miguu imelowa, na bado anaiuliza simu kama maji yamejaa. Ningeweza kuandika kurasa kumi juu ya upuuzi huo, lakini sikukaa hapa kwa ajili hiyo. Nimekaa kuandika habari za mwanamke mmoja mpiga pasi, na Jumatatu moja ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Majirani wangu watakwambia kwamba jambo hilo halinitokei mara kwa mara.

Jina lake kwetu sisi sote ni Mama Pasi. Anafanya kazi katika nyumba ya kufulia iliyo nyuma ya barabara ya hoteli. Ni chumba kirefu chenye madirisha ya juu yasiyofunguka, mabomba ya mvuke yaliyofungwa matambara, na harufu ya wanga inayokuganda kooni. Mashuka ya hoteli zote yanaingia mlango huu yakiwa yamekunjamana na kutoka mlango ule yakiwa yamenyooka kama karatasi. Mama Pasi anasimama kwenye mashine ya mashati. Anatandika shati, anakanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, mdomo wa juu wa mashine unashuka, mvuke unapiga kelele, anaachia, anageuza. Mguu wa kulia ndio unaobeba mwili. Saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki, miaka ishirini na sita, mwanamke huyo amesimama kwa mguu mmoja. Mikono yake ina alama ndogo za kuungua kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, na mabega yake yangeweza kumbeba mwanamume mzima, na kwa miaka kadhaa kabla mumewe hajafariki, ndivyo yalivyofanya.

Ubao wake wa mawimbi aliupata kwa ajili ya nguo.

Alikuwa amepeleka mashuka katika nyumba moja ya wageni iliyo karibu na ufukwe. Mwenye nyumba alikuwa anasafisha stoo, na katika vitu vya kutupa kulikuwa na ubao wa kuteleza juu ya mawimbi. Si huu wa kisasa, mwepesi kama boksi la viatu, unaovunjika ukiukoholea. Ulikuwa wa zamani, wa mbao tupu, mzito kama mlango, mrefu kumpita mtu, ncha yake imeinuka kidogo na tumbo lake limechongwa vizuri na fundi ambaye bila shaka amekwisha kufa, kwa sababu mafundi wa namna hiyo wote wamekufa.

Mama Pasi aliutazama akasema, "Huo una urefu mzuri sana."

"Wa kuteleza?" mwenye nyumba akamwuliza.

"Wa kupigia pasi."

Akaubeba kichwani hadi nyumbani. Akauweka juu ya vigoda viwili, akauzungushia blanketi, juu yake shuka jeupe, na kwa miaka minne akaupigia pasi nguo za familia yake na za nusu ya mtaa. Wanawe walifanya kazi za shule juu yake. Mdogo wake wa kike alikatia vitunguu juu yake, wakagombana wiki nzima.

Halafu Jumatatu moja, siku yake ya mapumziko, aliamua kufua lile blanketi. Alivua shuka, akavua blanketi, na ubao ukabaki wazi kwenye mwanga wa mlangoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia. "Nikauona umelala pale uchi, Mzee, na hiyo pua yake imeinuka kama unanusa kitu. Nikasema, masikini, huu haukuzaliwa kwa ajili ya kola za mashati."

Siku hiyohiyo akaja nao ufukweni. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Nilikuwa nimeketi mlangoni mwa chumba changu cha funguo, nikamwona mwanamke mnene kiasi, amevaa ovaroli ya kazini iliyokatwa magotini, ana mlango kichwani.

"Shikamoo, Mzee Daftari," akasema. Wananiita hivyo kwa sababu ya daftari zangu za maji. "Hiki kitu kinapandwaje?"

"Muulize aliyekutuma," nikamjibu.

"Sijatumwa."

"Basi rudi nyumbani."

Hakurudi. Aliweka ubao chini, akaketi juu yake, akaanza kunitazama kama mtu anayesubiri zamu yake kliniki. Baada ya nusu saa nikachoka kutazamwa, nikaanza kumweleza.

Mimi sikusoma shule zaidi ya miaka minne. Habari za mwezi na maji nilizipata katika kitabu kisicho na jalada nilichokinunua kwa muuza karatasi za kufungia, na yaliyobaki nilijifunza kwa kuyaandika kila asubuhi. Nilimwambia hivi. Ufukwe wetu una ulimi wa mwamba uliolala chini ya maji, hatua kama mia moja kutoka kwenye ngazi. Bahari ikijaa, wimbi linapita juu ya mwamba bila kujua kwamba upo. Halivunjiki. Linakuja lote hadi ukutani, linapiga, linarudi na kugongana na lenzake. Hapo utainuliwa na kushushwa mpaka uchoke, na ukifika ufukweni utabwagwa kama furushi. Bahari ikipwa kabisa, mwamba unatoa meno nje, na wimbi linaangukia kwenye mawe na miiba. Hapo utapoteza ngozi. Lakini katikati, maji yakiwa yamepungua kiasi, tumbo la wimbi linajikwaa kwenye mwamba. Linasimama. Linaanza kufunguka kutoka kushoto kwenda kulia, polepole.

"Kama mtu anayekunjua shuka," akasema.

"Ndiyo. Kama shuka."

"Na huo wakati nitaujuaje?"

"Maji yakiacha kidato cha sita, ingia. Yakiacha cha nane, toka. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yanakimbia, utapata saa moja hivi. Siku za maji mafu yanatambaa, utapata zaidi, ila wimbi linakuwa jembamba. Usiingie cha tano kwa tamaa, usikae mpaka cha tisa kwa ubishi."

Alicheka. "Mimi niliishia darasa la saba, Mzee. Sasa ninakwenda kidato cha sita kila Jumatatu."

Ilimchukua miezi mitano kusimama. Alianguka mbele, akaanguka nyuma, akaanguka kabla hata ya kuinuka. Watu wa kazini kwake walikuwa wanamwuliza Jumanne, "Umenyooka leo, au bado una mikunjo?" Halafu siku moja aliweka mguu wa kushoto mbele na kuukanyaga ubao kana kwamba anakanyaga ile pedali yake, mguu wa kulia ukabeba mwili kama ulivyozoea, na ubao ukatulia. Akafika hadi ufukweni amesimama wima, uso umekaza kama yuko kazini na msimamizi anapita. Kutoka hapo hakukosa Jumatatu kwa miaka mitatu. Wageni walikuwa wanaacha mbao zao za plastiki wanamtazama.

Sasa nifike kwenye balaa.

Kwanza, wakubwa wa mji waliamua kwamba ngazi zetu ni mbaya. Walileta nyundo za mashine, wakazivunja kwa siku tatu. Jiwe la kidato cha sita nililiona linapakiwa kwenye lori pamoja na mifuko ya taka. Wakazungusha uzio wa mabati ufukwe mzima, miezi mitano mtu asiingie, wakamwaga zege. Jumamosi moja wakakata utepe, watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Niliketi kwenye benchi ng'ambo ya barabara na nikaapa kwamba mguu wangu hautakanyaga zege lile.

Pili, binti mkubwa wa Mama Pasi alikuja.

Binti huyo ni karani katika ofisi ya mawakili, katika mji wa bara ulio mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Ni mtoto mwema, ana heshima, lakini ana wasiwasi wa watu wanaosoma mikataba siku nzima: anaona hatari hata kwenye chai. Shangazi yake alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba mama yako siku hizi anacheza baharini na ubao, watu wanamtazama, akili zimeanza kumtoka. Binti akampigia mama yake.

"Mama, ni kweli unasimama juu ya ubao?"

"Ni kweli."

"Juu ya bahari?"

"Sasa nitasimama nao juu ya kabati?"

"Mama, nenda hospitali wakakupime."

Mwisho akaja mwenyewe, Jumamosi ileile ya utepe. Alikuwa ameshaandaa chumba kwake, kitanda, pazia na kila kitu. Alikuwa ameshazungumza hata na msimamizi wa nyumba ya kufulia. Alimwambia mama yake kwa upole kwamba umri umefika wa kupumzika, na kwamba yeye hawezi kulala akifikiria siku atakayopigiwa simu aje achukue maiti. Walibishana usiku na mchana wake. Jumapili wakafikia mapatano. Kesho yake, kabla ya basi la saa sita, Mama Pasi atamwonyesha. Binti akimwona anasimama na kufika ufukweni kwa miguu yake, atanyamaza na hatalitaja tena jambo hilo. Asipoona, watapanda basi wote wawili.

Mama Pasi alikuja kwenye benchi langu jioni hiyo kunieleza.

"Na wewe ukakubali?" nikamwuliza.

"Nikakubali. Si nasimama? Miaka mitatu nasimama."

"Hujaingia miezi mitano."

"Miguu yangu haikuwa likizo, Mzee. Ilikuwa kazini kila siku."

Jumatatu ilikuwa bamvua. Bahari ilijaa saa moja na nusu asubuhi, nikaiona kutoka kwenye benchi langu imefika karibu na barabara. Mawimbi yalikuwa mazuri, marefu, yenye nafasi katikati, si ya fujo. Saa tatu Mama Pasi akaja na ubao kichwani, na binti nyuma yake amevaa viatu vyake vya ofisini, ameshika taulo na ndara za mama yake kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

Kuna mwanamume mmoja anayefundisha wageni kuteleza. Watu wanamwita Mwalimu, ana saa ya mkononi kubwa kama kifuniko cha chupa ya maziwa, na mwili wake umejaa mafuta ya jua. Si mtu mbaya. Alimwona Mama Pasi anashuka, akamwita.

"Mama Pasi, usichoke bure! Ngoja kwanza. Simu inasema mpaka saa nne na nusu."

Mimi nikamjibu kutoka kwenye benchi, sauti ikavuka barabara. "Simu hiyo imeoga bahari gani?"

Watu wakacheka. Mama Pasi naye akacheka, akanipungia mkono. Akasimama kwenye ngazi mpya, akahesabu kwa kidole kutoka juu, moja, mbili, tatu, mpaka mahali maji yalipokuwa yanalamba. Akangoja. Ilipofika kama saa tatu na dakika arobaini maji yakaacha kidato cha sita. Akampungia binti yake mkono, akaingia.

Ninaandika haya yaliyofuata kwa aibu.

Wimbi la kwanza lilimwinua na kumshusha. Alipiga makasia kwa mikono yote miwili, likampita chini kama paka anayepita chini ya meza. La pili vilevile. La tatu, la nne. Alikuwa anafanya kila kitu sawasawa, nilimwona, lakini bahari haikuwa inamshika. Mawimbi yalikuwa yanapita yakiwa manene, mviringo, hayana hata povu, kisha yanakwenda kupiga ukutani na kurudi. Akasogea mbele zaidi. Moja likamchukua mwishomwisho, karibu kabisa na ngazi, likasimama ghafla na kumbwaga mchangani: ubao huku, yeye kule, miguu juu.

"Mama! Basi, imetosha!" binti akapiga kelele.

Mama Pasi aliinuka, akatema mchanga, akafuata ubao, akarudi tena. Mara tatu alibwagwa. Mara ya tatu binti hakupiga kelele tena. Aliweka tu mkono mdomoni.

Saa nne na robo hivi, maji yakawa yameacha kidato cha nane. Mama Pasi aliziangalia ngazi, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Akatoka. Hakuwa na haraka. Kidato cha nane mtu anatoka, ndivyo nilivyomfundisha, na miaka mitatu hakuwahi kuvunja sheria hiyo.

"Imekwisha," akasema.

"Pole, Mama," binti akasema. Hakukuwa na furaha ya ushindi sautini mwake, lazima niseme hivyo kwa haki. Alikuwa karibu kulia. "Twende ukaoge. Basi ni saa sita."

Mama Pasi alichukua taulo, lakini hakujifuta yeye. Alianza kuufuta ubao, kutoka puani hadi mkiani, pindo kwa pindo, polepole, kama mtu anayemaliza suti ya mteja ambaye hatarudi tena.

Hapo ndipo nilipoinuka. Nilivuka barabara ili nikampe pole, kwa sababu kuna pole ambazo mtu hawezi kuzitoa kwa kupiga kelele. Kiapo changu nikakimeza. Nikashika ile reli yao ya chuma na kukanyaga kidato cha kwanza, kisha nikateremka cha pili, na mguu wangu ukagonga chini mapema. Meno yangu yakagongana. Nikateremka kingine, tena mapema. Mguu wangu ulikuwa unatafuta chini mahali ambapo miaka thelathini na mmoja chini ilikuwapo, na ukawa unakuta zege njiani.

Nikasimama. Nikapima kwa shibiri. Nikaanza kuhesabu kutoka juu hadi mchangani, nikitumia fimbo.

"Mzee anatafuta nini?" Mwalimu akauliza.

Vidato kumi na vinane. Ukuta ni uleule, kimo ni kilekile, ila wameugawa katika vidato kumi na vinane vifupi, ili wageni wasichoke magoti. Vidato vitatu vya leo ni viwili vya zamani. Kwa hiyo kidato chetu cha sita sasa ni cha tisa. Cha nane sasa ni cha kumi na mbili. Hakuna mtu aliyehesabu, si mimi, si yeye, si yeyote aliyepiga makofi Jumamosi. Mwanamke huyu alikuwa ameingia maji yakiwa bado yamejaa, na ametoka wakati hasa ambapo mlango unakaribia kufunguliwa.

Nikaanza kucheka. Sikuweza kujizuia. Binti akanigeukia, macho makali.

"Mzee, hapa kuna cha kuchekesha?"

"Najicheka mimi mwenyewe, mwanangu. Mama Pasi! Weka taulo chini!"

"Nimekwisha kutoka, Mzee."

"Hujaingia! Hujaingia bado! Hizi ngazi ni za vibeti! Hesabu hadi tisa, siyo sita! Mpaka kumi na mbili, siyo nane!"

Alinitazama. Halafu akazitazama ngazi, juu hadi chini, na midomo yake ikawa inahesabu. Miaka ishirini na sita ya kukunja mashuka kwa robo na kwa nusu inamfundisha mtu hesabu kuliko shule. Niliona sura yake inabadilika.

"Wametukata miguu," akasema.

"Wametukata miguu!"

"Mzee, tafadhali," binti akasema, "usimchezee mama yangu. Amechoka, mwone alivyo."

"Amechoka nani?" Mama Pasi alikuwa ameshainua ubao. "Nishikie taulo."

Mwalimu alikuwa anaitazama ile saa yake. "Saa nne na nusu kasoro dakika tatu," akasema, si kwa kiburi sana. Nami nitaandika hapa, mara ya kwanza na ya mwisho, kwamba simu ilisema kweli. Asitarajie nirudie.

Maji yaliacha kidato cha tisa Mama Pasi akiwa njiani kwenda kwenye mwamba. Aliketi juu ya ubao, akayaacha mawimbi mawili yapite. La tatu lilikuja na nikaliona linafanya kile ambacho sikukiona kwa miezi mitano: lilijikwaa. Tumbo lake likagonga mwamba, mgongo ukainuka, ukawa kijani, mwanga ukapita ndani yake. Mama Pasi akageuza ubao, akapiga makasia mara nne, na bahari ikamshika.

Aliinuka bila haraka, kama mtu anayeinuka kwenye kiti. Kushoto mbele, kulia nyuma. Wimbi likaanza kufunguka upande wake wa kulia, naye akawa anakwenda nalo, hatua moja mbele ya povu, ule ubao mzito ukikata maji bila kutikisika, tofauti na hizi mbao zao zinazorukaruka kama samaki aliyetoka majini. Alikunja goti kidogo, akakanyaga. Ubao ukapinda njia. Akakanyaga tena, ukanyooka. Mikono yake ilikuwa chini, imetulia. Na uso, jamani, uso haukuwa wa kazini. Alikuwa anacheka, meno yote nje.

Nyuma yangu nikasikia mtu anapayuka. "Ndiye huyo! Mama yangu huyo! Jamani, mama yangu!" Binti alikuwa amemshika mgeni mmoja mkono, mtu asiyejua hata neno moja tunalolisema, anamwonyesha. "Ndiye aliyenizaa mimi!" Yule mgeni akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa. Kisha binti akamwachia, akakimbia, akaingia majini mpaka magotini na viatu vyake vya ofisini.

Mama Pasi alifika karibu naye ndipo wimbi likaisha. Akashuka kwenye ubao kama mtu anayeshuka kwenye basi kituoni kwake.

"Umeona?"

Binti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, pua inatiririka. "Sijaona," akasema.

"Hujaona nini?"

"Nilifumba macho. Rudia."

"Mwongo mkubwa wewe. Nimekusikia unapiga kelele toka kule mwambani."

"Sikuona, Mama. Mapatano ni mapatano. Rudia."

Akarudia. Akarudia mara nyingine tena, na tena. Wimbi la nne alikwenda nalo mbali kuliko yote niliyowahi kuandika daftarini, na Mwalimu aliacha wageni wake wakielea kama magogo, akabaki anapiga makofi juu ya kichwa. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kidato chao cha nne. Ni baridi, hakina sura, na siku moja mwani utaota juu yake na watu watadhani kilikuwepo siku zote. Nilikaa tu.

Ilipopita saa tano Mama Pasi alielekea ufukweni, anapumua kwa nguvu. Binti alikuwa ameketi karibu nami, simu sikioni, anamwambia mumewe kwamba anakuja peke yake, na hapana, hakuna mgonjwa, na kile chumba wakifanye cha kushonea. Alipomwona mama yake anataka kutoka, akasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Nikusindikize stendi, basi lako."

Binti aliziangalia ngazi, akahesabu kwa kidole kutoka juu, kama tulivyokuwa tunafanya sisi watu wa zamani. "Maji yako cha kumi na moja. Bado kimoja kizima. Ukitoka sasa utakuwa umenipa hasara."

"Sasa utakwendaje peke yako?"

"Nilikuja peke yangu. Rudi kule, Mama, unapoteza mawimbi!"

Wakatazamana. Mama Pasi alimshika binti shavu kwa kiganja chake chenye alama za moto, kilichojaa maji ya chumvi, kisha akageuka na ubao wake.

Binti alitaka kuondoka mara nne. Kila akifika juu ukutani alisema, "Moja tu la mwisho, Mzee," na kurudi vidato viwili chini. Mwishowe, karibu saa tano na nusu, alivua viatu vilivyolowa, akavishika mkononi, akaniaga kwa haraka, akakimbia barabarani peku kuelekea stendi, karani mzima wa mawakili, sketi imeshikamana na miguu. Mama yake hakumwona akiondoka. Alikuwa ameupa ufukwe mgongo, anangoja wimbi.